Maswali ya Wasomaji: Kupanda Kilimanjaro Desemba

SWALI: Mhariri, salaam. Tuko wanne, wote wa ofisi moja hapa Dar. Tunataka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu tuwe kileleni Desemba 9, Sikukuu ya Uhuru. Mimi nakimbia kilomita 5 kila asubuhi. Wenzangu wanasema siku 5 zinatosha na nguo tutapata mitumbani. Mnatushauri nini? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali lipieni siku ya sita. Mbio zinakaza miguu na pumzi, ila haziuzoeshi mwili hewa haba, na kileleni (mita 5,895) oksijeni unayovuta ni karibu nusu ya ile ya Kigamboni. Kwa siku 5 mnalala vituo vya Mandara (mita 2,720) na Horombo (3,720), kisha mnafika kituo cha Kibo (4,720) na usiku uleule mnaanza kupanda kilele. Hapo ndipo wengi hutapika na kurudishwa. Siku ya ziada ni ya Horombo: mnapanda hadi Mawe ya Pundamilia, kama mita 4,000, halafu mnarudi kulala chini. Basi ingieni getini Desemba 5.

Mitumba haina ubaya, mradi usome lebo. Pamba na jinzi ziache nyumbani, maana zikilowa hazikauki kule juu na zinanyonya joto la mwili. Desemba mvua za vuli mara nyingi bado zipo, na msitu wa kabla ya Mandara unalowesha. Chagua fulana ya poliesta ya mikono mirefu, sweta zito la sufu, na koti la mvua. Koti lijaribu kabla hujalitegemea: mwagia kikombe cha maji begani, ngoja dakika 10, kisha papasa mishono kwa ndani. Koti kuukuu huvuja hapo kwanza, utando wa ndani ukishabanduka. Nguo za kilele zifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, zisivaliwe kabla ya Kibo.

Usiku wa kilele baridi hushuka chini ya nyuzi 10 hasi, na upepo juu yake. Buti ziache nafasi: soksi mbili zikibana, damu haifiki vidoleni na vidole vinakufa ganzi. Begi la kulalia na koti zito mnaweza kukodi Moshi. Maji, lita 3 hadi 4 kwa siku. Chupa ikae mdomo chini begini, kwa kuwa barafu huanzia juu. Mpira wa kunyonyea maji kutoka mfuko wa mgongoni huganda mapema. Betri lala nazo, zisipoe.

SWALI: Je, dawa ya Diamox inatosha kunikinga na ugonjwa wa mwinuko? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Inasaidia tu. Kinga ya kawaida ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Utakojoa sana na vidole vitachomachoma kama sindano.

Mwenzenu akilalamika kichwa, mwambieni atembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akiyumba, au akikosa pumzi hali ameketi, ateremshwe papo hapo, hata saa 8 usiku, na asishuke peke yake.