Onyo la maudhui mchanganyiko: mtafute aliyeandika http

Cheti cha HTTPS kimewekwa, tovuti inafunguka kwa https, lakini ukurasa umepoteza mpangilio, fomu haijibu na kivinjari kinalalamika. Maana yake ni kwamba ukurasa wenyewe umefika kwa njia iliyosimbwa, ila ndani yake kuna kitu kinachoitwa kwa http ya wazi, isiyosimbwa. Huo ndio huitwa maudhui mchanganyiko.

Usizime onyo kwenye mipangilio ya kivinjari chako. Ukifanya hivyo unaona nafuu wewe peke yako, wageni wa tovuti wanabaki na ukurasa mbovu. Tena onyo lina sababu nzito: aliye kwenye Wi-Fi moja na msomaji anaweza kubadilisha skripti inayopita kwa http, na skripti hiyo ikishaingia inasoma kila kinachoandikwa kwenye ukurasa, pamoja na nywila.

Zikiitwa kwa http, skripti, faili za CSS (za mwonekano), fremu, fonti na maombi ya fetch (data ambayo JavaScript huiomba) huzuiwa kabisa. Firefox ilianza kufanya hivyo tangu toleo la 23, mwaka 2013. Picha, sauti na video zilivumiliwa kwa muda mrefu. Siku hizi Chrome, na Firefox tangu toleo la 127 la mwaka 2024, huzijaribu kwa https bila kuuliza, na seva husika isipokuwa na HTTPS picha haitokei. Angalia picha zilizowekwa kwa `srcset` (orodha ya saizi mbalimbali za picha moja) na zile zenye anwani ya namba, mfano `http://192.0.2.10/a.jpg`: hizo hazipati msaada huo.

Bonyeza F12, fungua konsoli (sehemu ya ujumbe wa kivinjari), pakia ukurasa upya. Kwenye Chrome, mstari unaoanza na `Mixed Content` unataja anwani kamili ya kitu kilichozuiwa. Humo humo unaweza pia kuandika `mixed-content:all` katika kichujio cha kichupo cha mtandao. Ukiishia kusoma HTML ya ukurasa tu, utakosa mengi, kwa sababu anwani nyingi zimejificha ndani ya `url()` za CSS au huundwa na JavaScript wakati ukurasa unafunguka.

Ukishaipata anwani, jiulize ni nani aliyeiandika. Ikiwa ni kiolezo (faili linalounda kurasa za tovuti), rekebisha mstari huo na kazi imekwisha. Hifadhidata ndiyo inayowatesa wengi. WordPress na plagini zake huhifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na idadi ya herufi, kama `s:18:"http://example.com"`. Ukibadilisha kwa SQL ya moja kwa moja, maneno yanakuwa na herufi 19 huku hesabu ikibaki 18, na mpangilio wote unashindwa kusomeka. Chukua nakala ya hifadhidata, kisha tumia zana inayorekebisha hesabu hiyo:

`wp search-replace 'http://example.com' 'https://example.com' --skip-columns=guid --dry-run`

`--dry-run` huonyesha tu kitakachobadilika bila kubadilisha chochote. Soma matokeo, halafu irudie bila `--dry-run`. Taja jina la tovuti yako kila mara. Usibadilishe kila `http://` unayokutana nayo. `xmlns="http://www.w3.org/2000/svg"` ni jina tu, hakuna kinachopakuliwa kutoka huko, na faili ya SVG ikiharibiwa hapo haionekani tena kama picha. Viungo vya kawaida vya `<a href>` navyo havisababishi onyo hili.

Kuna wakati hutaona http popote kwenye msimbo. Hapo shuku proksi, yaani seva inayosimama mbele ya programu ya tovuti yako. Proksi inapokea https, inaipelekea programu http, na programu inaamini kwamba iko kwenye http, kwa hiyo inaunda viungo vya namna hiyo. Proksi itume hedari (mstari wa maelezo unaoambatana na ombi) ya `X-Forwarded-Proto`, inayosema ombi lilikuja kwa https, na programu ielekezwe kuiamini kutoka kwa proksi hiyo tu. Dalili yake ni fetch ya `/api/oda` inayoelekezwa kwenye `http://…/api/oda/` kwa sababu ya mkwaju wa mwisho uliokosekana. Jaribu `curl -I` kwenye anwani hiyo, kisha soma mstari wa `Location`.

HSTS, hedari inayokiambia kivinjari kitumie https tu kwa tovuti fulani, haiponyi tatizo hili, maana ukaguzi wa maudhui mchanganyiko unatangulia. Hedari inayosaidia ni `Content-Security-Policy: upgrade-insecure-requests`, inayobadilisha maombi kuwa https kabla ya ukaguzi. Inafaa sana kwa tovuti yenye makala nyingi za zamani. Lakini seva ya upande wa pili isipokuwa na HTTPS, hedari hii haiwezi kuiumba. Itabidi uhamishie faili kwako au uachane na huduma hiyo.

Usithibitishe marekebisho kwenye `http://localhost`: ukurasa wenyewe ukiwa wa http, ukaguzi huu haufanyiki kabisa. Tumia jina halisi la tovuti, futa kache (nakala zilizohifadhiwa) ya seva na ya CDN (mtandao wa seva zinazosambaza faili zako), fungua dirisha la faragha, kisha pitia angalau ukurasa mmoja wa kila kiolezo, hasa kurasa za malipo na zile zinazoonekana baada ya kuingia kwa nywila.