Eunike, Eunice, Yunisi: ni jina moja?

SWALI: Mimi na mume wangu tunatarajia mtoto. Akiwa wa kike tutampa jina la bibi yake, Eunike. Dada yangu anashikilia kwamba jina hilo halipo, lililopo ni Yunisi, tena ni la Kiarabu. Lina asili gani, na maana yake nini?

JIBU: Hongera sana, dada. Eunike lipo, ni la Kigiriki, na kwangu mimi ndilo umbo zuri kuliko yote yanayoandikwa huku kwetu.

Limeundwa kwa maneno mawili: eu, yaani "vema", na nike, "ushindi". Eunike ni ushindi mwema. Vipande vyote viwili umeshavitamka mara nyingi. Eu imo ndani ya Ekaristi, na imejificha hata ndani ya Injili, maana neno hilo ni euangelion ya Kigiriki, habari njema, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu. Nike unaikuta kwa Nikodemo, na kwa Bernike, yule aliyeketi na Agripa kumsikiliza Paulo. Unaikuta pia kwa Wathesalonike. Mji wao ulipewa jina la mwanamke, Thessalonike, binti wa mfalme Filipo wa Makedonia; mumewe Cassander ndiye aliyeuanzisha.

Wengi wetu tumelipata Eunike katika 2 Timotheo 1:5, Paulo anapoitaja imani ya Loisi, bibi yake Timotheo, na ya Eunike mama yake. Walikuwa watu wa Listra, Uturuki ya leo. Mama alikuwa Myahudi lakini jina lake la Kigiriki, na lilikuwa la kale hata wakati huo: mshairi Hesiod, takriban miaka 700 kabla ya Kristo, anamtaja Eunike mwenye mikono ya waridi miongoni mwa mabinti wa Nereus, mzee wa bahari.

Eunice je? Warumi waliandika sauti ya K kwa herufi C, kwa hiyo Eunice yao ilisomwa Eunike vilevile. Waingereza ndio walioisoma kwa kanuni zao: Eu ikawa Yu, C ikawa S. Huko ndiko ilikotoka Yunisi. Kiarabu hakimo. Huenda dada yako amelifananisha na Yunus, ambalo ni jina la nabii Yona, tena la kiume.

Biblia ya Kiswahili ilibaki na umbo la Kigiriki, na hapa kuna jambo linalonifurahisha sana. Wagiriki walikaza sauti kwenye -ni-, silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapokaza: Eu-NI-ke. Wagiriki wa leo husema Evniki. Bibi anayemwita Eunike toka uani analitamka karibu zaidi na alivyolitamka Paulo kuliko wao.

Katika maandishi, mwenye jina ndiye mwenye kauli. Aliyeandikishwa Eunice aandikwe Eunice, na mhariri asimsahihishe. Kwa binti yenu, mtajieni karani herufi moja moja, na mkisome cheti kabla hamjaondoka dirishani, kwa sababu mkono wake umezoea kuandika C.