Maswali na Majibu: Koloni Linapokabidhiwa Biashara Yake ya Nje

Katika robota la mitumba hapa Gikomba nimepata shati kuukuu, na kilebo kilichoshonwa ndani ya ukosi kinasema limetengenezwa Hong Kong. Ni kweli kwamba koloni hilo la Uingereza lilijiamulia mikataba yake ya biashara?

Ni kweli, ingawa haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mambo ya nje ya koloni yalikuwa mikononi mwa London, na London hiyo hiyo ilikuwa ikisikiliza kilio cha viwanda vya nguo vya Lancashire, huko huko Uingereza, ambavyo vililemewa na nguo za pamba za bei nafuu kutoka Hong Kong. Mwaka 1959 wenye viwanda wa Hong Kong walibanwa hadi wakakubali kuwekewa kikomo cha nguo walizopeleka Uingereza. Wakili wako akiwa ndiye mshindani wako, kesi yako imeharibika kabla haijasikilizwa. Mwaka 1969 Uingereza iliikabidhi serikali ya Hong Kong mamlaka ya kujadili na kutekeleza mikataba ya biashara, huku ulinzi na diplomasia vikibaki London. Naiona hatua hiyo kuwa ya haki, lakini tukumbuke kwamba waliokabidhiwa ni gavana na maofisa wake, wala si wakazi, ambao hawakuwa na mbunge hata mmoja wa kuchaguliwa.

Hong Kong iliporudishwa China mwaka 1997, China iliyachukua mamlaka hayo?

Hapana. Sheria ya Msingi, ambayo ni kama katiba ya Hong Kong chini ya China, inaitambua Hong Kong kuwa eneo la forodha linalojitegemea, nayo ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani kwa jina la Hong Kong, China.

Je, Kenya ya ukoloni ilipewa nafasi kama hiyo?

Haikupewa. Mkataba wa Saint-Germain wa 1919 uliitaka Afrika Mashariki iwatoze wafanyabiashara wa mataifa yaliyotia sahihi ushuru ulio sawa, na ndiyo maana nguo za Japani zilijaa madukani katika miaka ya 1930. Viwango vyenyewe vya ushuru viliweza kupangwa Nairobi, na hapo ndipo uchungu ulipo: mapema miaka ya 1920 walowezi, waliokuwa na sauti serikalini, walipata ushuru wa kulinda ngano na siagi yao, na mnunuzi Mwafrika, ambaye hakuulizwa, akalipa. Kenya iliingia katika GATT, mkataba wa kimataifa wa ushuru na biashara uliotangulia Shirika la Biashara Duniani, kwa jina lake mwezi Februari 1964, miezi miwili haijatimia tangu uhuru. Hong Kong iliingia mwaka 1986, kwa kifungu kile kile cha 26 kilichoitumikia Kenya, kinachoruhusu eneo linalojiamulia biashara yake ya nje kuingia kwa udhamini wa nchi iliyolitawala.