Siku ya kukimbia taratibu, kimbia taratibu kweli

Kwa miaka minne nilikimbia siku tano kwa wiki, karibu kilomita zilezile kwa kasi ileile, na muda wangu wa nusu marathoni haukusogea. Sikuwa mvivu. Kila nilipotoka nilirudi nimelowa jasho, na jasho hilo nililihesabu kuwa ushahidi wa kazi. Muda ulipogoma nikaongeza siku ya sita. Ukagoma tena, na mara hii goti likaanza kuniuma.

Aliyenifumbua macho ni kocha mmoja, mama aliyenizidi umri kwa miaka mingi, ambaye siku moja alinisindikiza kwa baiskeli. Nilimwambia, "Mama, leo ni siku yangu ya taratibu." Akaitikia, tukaenda. Tulipofika kilomita ya tatu akasema, "Haya mwanangu, nisimulie ulianzaje kukimbia."

Nikaanza. Nilisema maneno manne, nikavuta pumzi. Nikasema matatu, nikavuta tena. Hakunicheka. Alipunguza mwendo wa baiskeli akaniambia, "Mtu anayekimbia taratibu husimulia kisa hadi mwisho. Wewe hata mwanzo hujaumaliza."

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma tafiti za sayansi ya michezo, mwanzoni kwa nia ya kumpinga. Nataka kukueleza nilichokikuta humo, na namna nilivyokitumia, kwa sababu naona wakimbiaji wengi, na hata waendesha baiskeli na waogeleaji, wanapoteza miaka mahali nilipopoteza mimi.

Kwanza, kosa langu si geni. Mwaka 2001 Carl Foster na wenzake, nchini Marekani, walilinganisha mazoezi ambayo makocha waliyapanga na yale ambayo wanamichezo waliyafanya. Siku ambazo kocha alitaka mazoezi mepesi, wanamichezo waliyafanya mazito kuliko alivyokusudia. Siku za mazoezi mazito, waliyafanya mepesi kuliko alivyotaka. Yaani vilele vyote vilikatwa na mabonde yote yakafukiwa, ikabaki tambarare. Niliposoma hapo nilifungua daftari langu la mazoezi nikaona tambarare hiyohiyo, ukurasa baada ya ukurasa.

Watafiti hugawa juhudi katika kanda tatu. Ukanda wa chini ni pale unapoweza kuongea sentensi ndefu bila kukatika. Ukanda wa juu ni pale neno moja tu linatosha kukumalizia pumzi. Katikati kuna eneo ambalo unaweza kusema vipande vya sentensi, moyo unadunda vizuri, na unahisi umefanya kazi ya maana. Mipaka ya kanda hizi hupimwa maabara kwa hewa unayoivuta na kuitoa, au kwa tone la damu linaloonyesha kiasi cha lakteti. (Lakteti, kwa njia, wengi bado huiita taka inayounguza misuli. Kazi za George Brooks tangu miaka ya 1980 zimeonyesha kuwa ni kama petroli ya kuendeshea mwili: misuli huizalisha, na moyo na misuli mingine huichoma.)

Stephen Seiler, Mmarekani aliyehamia Norway kufundisha na kutafiti, alitaka kujua wanamichezo wa juu hutumiaje kanda hizo. Yeye na mtafiti mwenzake Kjerland walichapisha mwaka 2006 utafiti juu ya vijana mahiri wa mbio za kuteleza kwenye theluji. Takriban robo tatu ya mazoezi yao yalikuwa ya ukanda wa chini, chini ya moja ya kumi yalikuwa ya katikati, na yaliyobaki yalikuwa ya juu. Hapo ndipo ulipotokea ule mgawanyo ambao sasa kila mtu anautaja, wa asilimia 80 kwa 20. Ila wengi huutumia vibaya, na hapa naomba usikilize kwa makini: hesabu hiyo inahesabu mazoezi, si dakika. Ukitoka mara tano kwa wiki, mara nne ni taratibu na moja ni ya kasi. Ukihesabu dakika, sehemu ya kasi hupungua mno, kwa sababu hata katika siku ya kasi kuna kupasha mwili moto, kupumzika kati ya vipande vya kasi, na kupoa. Nilipojaribu kujaza asilimia 20 ya dakika zangu zote kwa kasi, niliugua mafua mara mbili ndani ya miezi miwili.

Lakini kuona wanamichezo wa juu wanafanya nini hakuthibitishi kwamba ndicho kinachowafaa wengine. Utafiti ulioniingia zaidi ni wa Jonathan Esteve-Lanao na wenzake, wa mwaka 2007, kwa wakimbiaji 12 wa Hispania. Waligawanywa makundi mawili kwa miezi 5, mzigo wa jumla ukiwa sawa na sehemu ya kasi kubwa ikiwa sawa pia, karibu asilimia 8. Kundi moja lilitumia takriban asilimia 80 ya muda katika ukanda wa chini. La pili lilitumia asilimia 67 tu huko na kuhamishia robo nzima katikati. Mwishoni wote walikimbia kilomita 10.4. Wote walikuwa wameboreka, lakini kundi la taratibu lilipunguza sekunde 157 na lile jingine sekunde 121.5. Zaidi ya nusu dakika, na kilichowatofautisha ni zile dakika za katikati.

Watu 12 ni wachache, nakubali. Ndiyo maana nilifurahi kukuta kazi ya Stöggl na Sperlich ya mwaka 2014, yenye wanamichezo 48 waliozoea mazoezi, kwa wiki 9, katika makundi manne. Kundi lililochanganya mengi ya taratibu na machache ya kasi kubwa ndilo lililopanda zaidi katika kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia kwa dakika: asilimia 11.7.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja imejulikana muda mrefu. Mwaka 1967 John Holloszy alionyesha kwamba panya waliozoeshwa kukimbia waliongeza karibu maradufu uwezo wa mitokondria katika misuli yao, zile sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Mabadiliko hayo huja kwa kurudiarudia, na mbio za taratibu unaweza kuzirudia kesho, keshokutwa na mtondo bila kuvunjika.

Sababu ya pili ndiyo iliyonishtua. Mwaka 2007 Seiler na wenzake walipima muda ambao mishipa ya fahamu inayoongoza moyo hutumia kurudi katika utulivu baada ya mazoezi. Wanamichezo waliozoea sana walipokimbia ukanda wa chini, hata kwa saa 2 nzima, walitulia ndani ya dakika chache. Walipovuka mpaka wa kwanza, kule katikati, ilichukua karibu nusu saa, na vipande vya kasi kubwa havikuwachelewesha zaidi ya hapo. Yaani mwili ulitoza bei ileile ya mazoezi makali kwa mazoezi ambayo mimi nilikuwa nayaita ya kawaida. Miaka minne nililipa bei hiyo mara tano kwa wiki.

Sasa, nilifanya nini?

Jambo la kwanza lilikuwa kuacha kuiamini saa yangu. Ilikuwa inakadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa ile kanuni ya 220 kutoa umri, na kwa kuwa nilikuwa na miaka 46, ikaweka mapigo 174 kwa dakika. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake walipendekeza kanuni bora, 208 kutoa umri uliozidishwa kwa 0.7, lakini hata hiyo ni wastani. Watu wawili wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo 10 juu au chini bila yeyote kuwa na kasoro. Nilipojipima kwa kupanda kilima mara kadhaa kwa nguvu zangu zote, baada ya daktari kuniruhusu, sikuvuka 163. Kwa hiyo saa ilikuwa inaniambia niko taratibu wakati nilishaingia katikati. Kama huna njia ya kujipima, tumia mdomo wako. Ongea. Soma shairi unalolikumbuka, beti nzima. Ukikatika katikati ya mstari, punguza mwendo.

La pili, niliandika namba mbili baada ya kila zoezi: dakika, na ugumu kuanzia 0 hadi 10 kama nilivyouhisi nusu saa baada ya kumaliza. Ukizizidisha unapata mzigo wa siku hiyo. Njia hii ni ya Foster pia, nayo ni rahisi kiasi kwamba wengi huidharau. Saa 1 yenye ugumu wa 3 ni 180. Saa hiyohiyo yenye ugumu wa 6 ni 360. Ukiona siku zako zote za wiki zina namba zinazofanana, ujue umerudi tambarare.

La tatu, siku ya kasi niliifanya iwe ya kasi kweli: dakika 4 za kukimbia kwa nguvu, dakika 3 za mwendo mwepesi, mara 4. Sikuwahi kufanya kitu kama hicho, kwa sababu miguu yangu ilikuwa daima imechoka nusu. Mara ya kwanza nilipoenda nayo nikiwa nimepumzika, nilitambua kuwa nina kasi ambayo sikuwahi kukutana nayo.

Wiki sita za mwanzo zilikuwa ngumu moyoni kuliko miguuni. Ili mapigo yasizidi 122 ilinibidi nikimbie kilomita kwa dakika 7 na sekunde 40, na kila penye mwinuko nilitembea. Watu niliokuwa nawapita walinipita. Jioni nilikuwa sina uchovu, na kutokuwa na uchovu kulinipa hatia, kama mtu aliyetoroka kazini. Kama unaanza leo, tarajia hisia hiyo. Mimi nilimpigia kocha simu zaidi ya mara moja nikimwomba ruhusa ya kuongeza mwendo, na kila mara aliniuliza, "Ulimaliza kusimulia?"

Usinielewe vibaya kuhusu ukanda wa katikati. Haujakatazwa. Katika siku hizi za karibuni wakimbiaji wa Norway wameutumia sana, kwa njia aliyoiendeleza mkimbiaji wa zamani wa huko, Marius Bakken, na Jakob Ingebrigtsen, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 2021 na mita 5000 mwaka 2024, amelelewa katika mazoezi ya namna hiyo. Lakini wao hukatisha vipande na kupima lakteti katika damu ili wasipande hata kidogo kupita walipokusudia, na siku nyingine hukimbia taratibu sana. Wanaingia katikati kwa makusudi. Mimi nilikuwa naingia kwa kuteleza.

Usijilinganishe na mwenzako pia. Katika utafiti mkubwa wa HERITAGE, ulioongozwa na Claude Bouchard, watu wapatao 480 wasio na mazoezi walipewa programu moja kwa wiki 20. Wengine uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kwa zaidi ya lita 1 kwa dakika, wengine haukupanda karibu kabisa, na kufanana kulikuwa kukubwa ndani ya familia. Rafiki yangu alifuata mpango wangu neno kwa neno na alibadilika polepole kuliko mimi. Alidhani hana bidii. Nilimwonyesha utafiti huo, tukaongeza wiki zake za mazoezi, na akatulia.

Kuhusu wiki za kuelekea shindano nitasema kwa ufupi. Laurent Bosquet na wenzake walikusanya tafiti nyingi mwaka 2007 na kukuta kuwa kinachofaa zaidi ni wiki 2 za kupunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60, bila kupunguza kasi wala idadi ya siku. Nilikuwa nafanya kinyume: nabaki na kilomita zote na kuondoa kasi yote, eti napumzika.

Mwezi wa saba, kwa mapigo yaleyale 122, kilomita ilikuwa inanichukua dakika 6 na sekunde 35. Nusu marathoni yangu ilishuka kwa dakika 6. Goti limenyamaza, ingawa hilo huenda linahusu pia mazoezi ya nguvu niliyoyaongeza mara mbili kwa wiki.

Wiki iliyopita mama alinisindikiza tena kwa baiskeli yake ileile. Kilomita ya tatu akaniuliza swali lake. Nilimsimulia tangu siku ya kwanza ya kuvaa viatu, goti, daftari, mafua, hadi panya wa Holloszy, na tulipofika kilomita ya tisa ni yeye aliyeniambia, "Basi mwanangu, nimesikia, pumzika kidogo nami niseme."