Re: Kazi ya kikundi anafanya mmoja, wengine wanatazama

Pole mwalimu mwenzangu wa Mbozi, hilo la mmoja kuandika na wengine kutazama nalifahamu. Gawa somo vipande. Hapa Mufindi, kwenye zao la chai, kila kikundi cha watano mmoja anapewa hali ya hewa, wengine upandaji, uchumaji, kiwanda na soko. Wenye kipande kimoja wanakutana kwanza, wanakielewa, kisha wanarudi kuwafundisha wenzao. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha mbinu hii Austin, Marekani, mwaka 1971. Nina wanafunzi 60, kwa hiyo wale 12 wa kipande kimoja nawagawa tena, la sivyo wapole hawasemi kitu. Na vikundi upange wewe! Jaribio la mwisho kila mtu afanye peke yake.