Akili ya kivuko ikae kwenye nguzo

Natembea kwa fimbo nyeupe. Kila ninaposikia mradi mpya wa kivuko cha kisasa cha waenda kwa miguu umetangazwa, swali langu la kwanza ni moja: je, nitavuka salama simu yangu ikiwa imezima? Kama jibu ni hapana, kivuko hicho bado hakijatengenezwa kwa ajili yangu, hata kikijazwa kamera pande zote.

Nauliza hivyo kwa sababu ninapovuka, mikono yangu ina kazi tayari. Mmoja umeshika fimbo, mwingine una mfuko au umemshika mtoto, na masikio yanafuatilia magari. Programu za simu zinazosoma taa kwa kamera zipo, nami huzitumia pasipo na msaada mwingine. Lakini kuinua simu, kuielekeza kwenye taa nisiyoiona, huku nikisikiliza pikipiki inayokata kona, ni mambo mengi mno kwa sekunde chache. Halafu chaji huisha. Na wengi wanaohitaji msaada huo hawana simu ya namna hiyo kabisa.

Kwa hiyo kwa yeyote anayepanga, anayejenga au anayedai kivuko, ushauri wangu ni kwamba uwezo wote muhimu uwe ndani ya nguzo yenyewe, ile ya kando ya barabara yenye kitufe cha kuombea ruhusa ya kuvuka.

Nguzo nzuri huipata kabla sijaigusa. Inatoa mlio mdogo, tik, tik, mmoja kila sekunde, wa kunijulisha tu kitufe kiko wapi. Zamu ya waenda kwa miguu ikifika, mlio unakwenda mbio, na mshale ulioinuka juu ya kitufe unaanza kutetemeka chini ya kiganja. Mshale huo unaelekea upande wa kuvukia, hivyo najipanga nao kabla sijashuka barabarani. Mtetemo usiondolewe kwa kisingizio cha kupunguza gharama: kwa mtu asiyeona na asiyesikia, hiyo ndiyo taa yake ya kijani. Australia iliendeleza nguzo za aina hii tangu miaka ya 1980. Uingereza wana kifaa kingine ninachokipenda sana, koni ndogo yenye mikwaruzo iliyofichwa chini ya kisanduku cha kitufe. Ukiishika kwa ncha za vidole, inazunguka taa inaporuhusu. Haina sauti wala lugha, na wapitao wengi hawajui kama ipo.

Kuhusu kelele, ninakijua kivuko kilichozimwa sauti kwa sababu majirani hawakupata usingizi. Majirani walikuwa na haki, nasi tulikuwa na haki. Dawa yake ni maikrofoni ndani ya nguzo inayopima kelele za barabara: lori likipita mlio unapanda, usiku wa manane unashuka hadi usikike hatua chache tu kutoka kwenye kitufe. Na nguzo mbili za kona moja zisibanane. Mwongozo wa Marekani wa taa na alama za barabarani unataka ziachane angalau futi 10, karibu mita 3, maana zikilia pamoja mtu hajui ni barabara ipi iliyofunguliwa.

Sasa muda, na hapa ndipo wazee wanapoumia. Tangu 2009 mwongozo huohuo wa Marekani hukadiria muda wa kumalizia kuvuka, ruhusa ya kuanza ikishakwisha, kwa mwendo wa futi 3.5 kwa sekunde, kama mita 1.07. Zamani ilikuwa futi 4. Chukua barabara ya mita 14: hesabu hiyo inatoa sekunde 13. Mzee anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde, akianza ruhusa ikiwa ndiyo inakwisha, atakuwa amebakiza mita tatu na nusu hivi magari yakiruhusiwa. Singapore tangu 2009 wazee na watu wenye ulemavu hugusisha kadi yao kwenye nguzo na kuongezewa kati ya sekunde 3 na 13. Ni mpango mzuri, kwa kuwa kadi hiyo tayari wanatembea nayo. Mimi bado napendelea vihisi vya vivuko vya Uingereza, vinavyomwona mtu akiwa bado barabarani na kuyazuia magari hadi amalize. Mzee haombi chochote, wala hahitaji kukumbuka chochote.

Hayo yote hayafai kitu kama chini pamesahauliwa. Vigae vyenye vinundu alivyobuni Seiichi Miyake huko Japani mwaka 1965, na kutandikwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967, havina hata waya mmoja, na bado ndivyo vinavyoniambia njia ya miguu imekwisha. Rafiki yangu wa kiti cha magurudumu hukutana na kitufe kizuri kilichofungwa nyuma ya ukingo wa zege. Hunyoosha mkono mpaka kiti kinainama, na vidole bado havifiki. Kabla ya kupokea kazi ya mkandarasi, waiteni watu kama yeye, pamoja na wasioona, viziwi na wazee, wakijaribu kivuko mvua ikinyesha na magari yakiwa mengi. Na walipwe, maana hiyo ni kazi.

Mtandao nao una mahali pake. Nguzo iliyokufa huwa kimya, na mimi ukimya huo nausoma kama taa nyekundu, nasimama nikingoja ruhusa ambayo haitakuja. Nguzo yenye mtandao inaweza kutuma taarifa yenyewe mara tu spika au kitufe kinapoharibika. Ukipata nafasi kwenye kikao cha mipango, uliza nani anaipokea taarifa hiyo na fundi atafika baada ya saa ngapi, kisha sisitiza majibu yaandikwe ndani ya mkataba.