Dukat, Aumaye Huku Akipuliza

Swali lenu la wiki hii lina vipande viwili: ni adui gani wa tamthilia za kisayansi aliyeandikwa na kuigizwa vizuri kuliko wote, na waandishi walimharibia wapi? Kipande cha kwanza nakijibu bila kupepesa macho. Ni Gul Dukat (Gul ni cheo chake cha kijeshi) wa Star Trek: Deep Space Nine, aliyechezwa na Marc Alaimo tangu Januari 1993 hadi Juni 1999. Kipande cha pili ndicho kinachonigombanisha na watu, akiwemo shemeji yangu hapa Chumbageni, Tanga, ambaye kwake adui asiye na uso wa kutisha na jeshi lisilohesabika si adui, ni mbea tu.

Kwa ambaye hakuiona, mambo yako hivi. Wakardasia, watu wa sayari nyingine ambao Dukat ni mmoja wao, waliikalia sayari ya Bajor kwa mabavu karibu miaka 50, wakachimba madini yake, wakawatumikisha watu wake makambini na kuua kwa mamilioni. Tamthilia inaanza wao wakiwa wameshaondoka. Kituo chao cha anga, ambamo Wabajori walikuwa wakisafisha madini chini ya mtutu, kiko sasa mikononi mwa Kamanda Benjamin Sisko, anayechezwa na Avery Brooks. Dukat ndiye aliyekuwa gavana wa mwisho. Katika sehemu ya kwanza tu anajitokeza ofisini kwa Sisko na kumkumbusha, kwa tabasamu, kwamba wiki mbili nyuma ofisi ile ilikuwa yake. Hatoi kitisho hata kimoja. Anajitolea kuwa jirani mwema.

Maadui wengi wa tamthilia wanataka dunia, mali au kisasi. Dukat anataka kupendwa. Tena anataka kupendwa na wale wale aliowatesa, wamkiri mbele ya watu kwamba alikuwa mtawala mpole. Hesabu zake anazo kichwani. Alipopewa ugavana, asema, alipunguza kwa nusu kiwango cha kazi makambini, akakomesha kuwatumikisha watoto, akaongeza chakula na dawa, na mwezi haukuisha vifo vikapungua kwa asilimia 20. Wabajori nao wakamjibu kwa bomu lililoua askari na wafanyakazi wake zaidi ya 200. Basi akakamata watu 200 waliotuhumiwa na kuwaua. Ukimsikiliza anavyoyapanga, utadhani aliyeonewa ni yeye.

Sisi wa pwani hii hatuhitaji kufundishwa gavana wa namna hiyo. Ni Pangani, mwendo mfupi kusini ya hapa, ambapo Bushiri bin Salim alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889, na aliyeongoza jeshi la Wajerumani alikuwa Hermann von Wissmann. Baadaye huyo Wissmann alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam, yeye juu, na chini yake askari wa Kiafrika akimtazama. Waingereza walipoingia wakaiondoa. Mwaka 1922 ikasimikwa Hamburg mbele ya chuo kikuu, ikakaa hapo mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Sasa sikieni. Katika sehemu iitwayo “Waltz”, Dukat analalamika, tena kwa uchungu wa kweli, kwamba Bajor nzima hakuna hata sanamu yake moja. Ronald D. Moore, aliyeiandika, sidhani kama aliwahi kulisikia jina la Pangani. Ugonjwa lakini aliupatia.

Nije kwenye uigizaji, maana hapo ndipo pana utamu. Alaimo hakuwa mgeni wa barakoa zile za mpira wanazovishwa waigizaji wa Wakardasia. Mkardasia wa kwanza kuonekana kwenye runinga, mwaka 1991 katika Star Trek: The Next Generation, alikuwa yeye, kwa jina jingine. Uso wa Mkardasia umefunikwa kuanzia paji hadi mabegani, kwa hiyo mwigizaji amebaki na macho, sauti na namna ya kubeba shingo. Alaimo akavitumia vyote vitatu kwa mahesabu. Haharakishi neno. Humsogelea anayesema naye hatua moja zaidi ya inavyostahili, kisha anainamisha kichwa pembeni kana kwamba anasikiliza. Akitukanwa hucheka kidogo, kicheko cha mkubwa aliyeamua kusamehe. Hata namna anavyokaa kwenye kiti cha mwenzake ni dai la umiliki.

La muhimu zaidi, Alaimo hakumcheza Dukat kama adui. Alimwamini. Kwake Dukat alikuwa mtu mwenye moyo, aliyebebeshwa kazi mbaya na wakubwa wake. Waandishi waliandika mwongo, yeye akamcheza mkweli, na katika huo ufa kati ya karatasi na uso ndimo mhusika alimozaliwa. Angekuwa mwigizaji mtiifu wa kukenua meno kila anapoingia, tungemsahau kabla ya msimu wa pili kuisha.

Waandishi nao walijua kumfinyanga. Mwaka 1994, katika “Civil Defense”, mitambo ya zamani ya kituo inajiwasha yenyewe na kuanza kuwaangamiza waliomo. Dukat anatokea kuja kujifaragua na kuweka masharti. Anapotaka kuondoka, inatokea picha ya mkubwa wake, iliyorekodiwa miaka mingi nyuma, ikimwambia kwamba gavana anayekimbia kituo chake ni mwoga, na mlango ndiyo umefungwa. Kicheko chake kinakauka mdomoni. Mwaka uliofuata wakamfunulia binti, Ziyal, aliyezaa na mwanamke wa Bajor. Dukat anakwenda kumtafuta akiwa amekusudia kumuua ili aibu isimfikie nyumbani. Anamlenga bunduki, na hawezi. Kwa kumkubali mtoto anapoteza cheo, mama yake anamkana, mke anaondoka na wanawe, na mwaka 1996 tunamkuta nahodha wa meli ya mizigo. Nani asingemwonea huruma hapo? Mwaka mmoja baadaye mtu huyo huyo ameshaiuza nchi yake kwa Dominion, dola la kigeni, ili apate kuwa mkuu wake.

Yaani anauma, anapuliza, nawe unasahau kwamba umeumwa.

Aliyekataa kusahau ni Kira Nerys, mpiganaji wa zamani wa Bajor, na nyuma yake Nana Visitor aliyemcheza. Waandishi waliwahi kufikiria kuwatia Kira na Dukat katika mapenzi. Visitor aligoma: mwanamke aliyekulia kambini hawezi kumpenda mwenye kambi, hata afunuliwe binti kumi. Akashinda. Ndiyo maana mwaka 1998 hadithi ikahamia kwa mama yake Kira, aliyechukuliwa na Dukat zamani za utawala, ambapo tunaona kupenda kunavyokuwa pale mmoja ana mkate na mwingine ana watoto wenye njaa. Ni hadithi kali kuliko ile iliyokataliwa. Wanaodhani mhusika huandikwa na mwenye kalamu peke yake waitazame hiyo.

Najua wengi watamtaja The Master, adui mkuu katika tamthilia ya Kiingereza ya Doctor Who anayebadilishiwa mwigizaji kila mara, na mpwa wangu ni mmoja wao. Simdharau. Roger Delgado alimwanzisha mwaka 1971 kwa madaha ambayo hayajapata mfano, akafa ajalini Uturuki mwaka 1973. Tangu hapo wakapokezana: Anthony Ainley miaka ya 1980, John Simm 2007, Michelle Gomez 2014 akimgeuza mwanamke, Sacha Dhawan 2020. Kila mmoja ana ladha yake, na Gomez kwangu ni kiboko. Lakini kila anayeingia anaanza na uso msafi. Dukat deni lake la miaka 7 lilikaa kwenye uso mmoja, na sisi tulihesabu.

Haya, waliharibu wapi?

Ira Steven Behr, aliyewaongoza waandishi, alikuwa akikereka kuona watazamaji wakimpenda mtu aliyeua kiasi kile. Kukereka huko nakuelewa. Shemeji yangu naye hunipigia kelele, “Shem, yule kaua halaiki, wewe wamtetea kwa kuwa anaongea vizuri?” Basi baada ya Damar, msaidizi wake, kumpiga risasi Ziyal mwishoni mwa 1997 na Dukat kurukwa na akili, ikaja “Waltz” Januari 1998. Sisko na Dukat wamekwama pangoni, mmoja kajeruhiwa, mwingine anabishana na watu asiowaona ila yeye. Msema pweke hakosi, na Dukat anasema pweke mpaka ngozi ya upole inavuliwa yote: anakiri kwamba alipaswa kuwaua Wabajori wote, asibakize hata mmoja. Ni uigizaji wa kiwango cha juu. Hata hivyo, nyuma yake nasikia waandishi wakitugeukia na kutuuliza, je, mmeridhika?

Wangeishia hapo ningekubali. Miezi michache baadaye wakamtia pepo. Macho yakawa mekundu, Jadzia Dax, ofisa wa Sisko, akauawa kwa miale, na hadi msimu wa saba unakwisha gavana aliyetaka sanamu amekuwa mtu wa kuchoma ulimwengu kwa moto wa mapangoni. Mimi tamthilia hii niliiona kwa diski za kukodi Ngamiani, zikija shaghala baghala, msimu wa saba kabla ya wa pili. Kwa hiyo nilikutana na shetani kwanza, na wala hakunitisha, kwani mashetani tumewaona wengi na wengi wana macho mekundu. Nilipokuja kupata misimu ya mwanzo, nikamkuta mtu mpole, mwenye hoja, anayemuuliza Kira kwa nini hawawezi kuwa marafiki. Huyo ndiye aliyeninyima raha. Pepo halina cha kujibu mbele ya waliofiwa. Gavana anacho, na kumtia pepo ni kumwondoa kizimbani.

Kuna sehemu moja ya msimu huo huo inayonionyesha kwamba walikuwa bado wanaweza. “Covenant”, Novemba 1998. Dukat amekusanya Wabajori kwenye kituo kilichoachwa, wamemfanya nabii wao, na hatimaye amekipata alichokililia: anapendwa na Bajor. Anakifanyia nini? Anamzalisha mke wa muumini. Mtoto anazaliwa na sura ya Kikardasia, naye anatangaza muujiza. Unapoanza kunuka uongo, anawaamuru wote wameze vidonge vya sumu pamoja naye, na kidonge chake yeye hakina sumu. Hapo hakuna pepo anayemwingia wala miale. Ni yeye yule wa mwaka 1993, na maneno yale yale.

Uchungu wangu mwingine ni Damar, aliyechezwa na Casey Biggs. Aliingia mwaka 1996 kama msaidizi wa maneno matatu, akamuua Ziyal, akawa mkuu wa nchi mlevi, kisha akaamka na kuongoza uasi dhidi ya Dominion na kufa kwenye mapigano ya mwisho. Njia yote ile ya kujitazama kwenye kioo na kuchukia unachokiona, ambayo Dukat alikuwa ameilipia kwa miaka, wakampa kijana wake. Biggs aliitendea haki. Lakini nilitaka kumwona Dukat akifikishwa kwenye kioo hicho akiwa na akili timamu, halafu akatae kutazama.

Kalamu ingekuwa yangu, ningemkatia hapo kwenye “Covenant”. Nisingemuua. Ningemweka jela Bajor, chumba chenye dirisha, chakula cha kutosha na dawa kama alivyodai kuwapa wenzake, awe anaandikia serikali barua kila wiki kuulizia sanamu yake imefikia wapi.